Dakika Kumi na Mbili za Mzee Refa

Mimi kukaa bure sijui. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimeshasimama. Kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi wananiita Umeme, na jina hilo sikulikataa hata siku moja. Wenzangu wakiwa bado wanafunga kamba za aproni, mimi nimeshatandika vitanda vitatu. Wakiona hivyo wananitupia methali: haraka haraka haina baraka. Nami nawajibu, "Basi baraka ije itandike vitanda tuione."

Kwa hiyo zilipoletwa simu za kazi, aliyeshangilia kuliko wote ni mimi. Wengine waliguna. Zamani tulikuwa na daftari moja kubwa, kalamu imefungwa kwa uzi, na mwisho wa zamu tunapanga foleni kuandika nani kaoga, nani kala, nani kapewa dawa. Saa nzima inakwenda hivyo. Na mwandiko wa watu jamani! Bibi mmoja alipewa vidonge vya presha mara mbili kwa sababu hakuna aliyeweza kusoma kilichoandikwa asubuhi. Simu zilimaliza hayo. Unaining'iniza shingoni, unachagua jina la mzee, unabonyeza Anza, unafanya kazi, unabonyeza Kamilisha. Tangu siku hiyo dawa haijakosewa. Nasema kweli tupu, na simu sina ugomvi nayo.

Ugomvi ulianzia kwenye luninga. Waliitundika kwenye chumba cha chai, juu ya birika, inaonyesha majina yetu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kufuatana na kasi. Kijani umefanya vizuri, njano jitahidi, nyekundu ole wako. Kila kazi ilipangiwa muda wake. Kumwogesha mtu dakika ishirini. Kumgeuza kitandani dakika tano. Kumlisha dakika kumi na tano, awe nani awe nani.

Wiki ya kwanza jina langu likatokea la mwisho. Mimi! Umeme! Chini ya Mpole, ambaye anatembea kama anaogopa kuiumiza sakafu. Nilisimama pale na kikombe mkononi, masikio yananiwaka moto, na Mpole mwenyewe akaniambia kwa upole wake ule, "Labda ni mtandao, dada." Haukuwa mtandao. Alikuwa Mzee Refa.

Mzee Refa alichezesha mpira miaka thelathini. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na kikamchukua maneno, lakini urefa hakikuugusa. Chakula kikiwa cha moto mno, anainua mkono wa kushoto juu, vidole viwili, hiyo ni kadi ya njano. Ukimwogesha kwa maji ya baridi unatolewa nje moja kwa moja. Tulikuwa tunacheka naye sana. Lakini kwenye kula hapakuwa na mchezo, kwa sababu koo lake lilikuwa limelegea. Unampa nusu kijiko, si zaidi. Anainamisha kidevu. Unasubiri koromeo lipande, lishuke, halafu unasubiri tena, maana anameza mara mbili. Halafu unamwangalia shavu la kulia, kwa kuwa chakula hujificha huko na yeye hakisikii. Ukimharakisha, chakula kinaingia njia ya hewa, na mzee wa namna hiyo chakula kikimwingia kifuani, mara nyingi humpati tena. Ukifanya inavyotakiwa, sahani moja ni dakika arobaini. Siku akichoka ni hamsini.

Ajabu ni kwamba pale nilikuwa natulia. Mimi nisiyejua kukaa, kwa Mzee Refa nilikuwa nakaa, na wala miguu hainiwashi. Nadhani ndiyo maana nilimpenda.

Sasa ningefanya nini? Kumharakisha, ng'o, sikuweza. Kubaki mwisho kwenye luninga, pia sikuweza, hilo nalisema bila kona. Kwa hiyo nikapata akili. Ikifika dakika ya kumi na mbili nabonyeza Kamilisha, naitia simu mfukoni, naendelea kumlisha taratibu mpaka sahani iishe. Dakika zilizobaki nilizitoa kwangu mwenyewe: chai sikunywa, vitanda nilitandika mbio zaidi, chooni nilikwenda nikifika nyumbani. Mzee anakula, mfumo unaridhika, nani anaumia? Nikajiona mjanja sana.

Wiki ya tatu nikawa wa kwanza. Wenzangu wakanizunguka: "Umeme, siri yako nini?" Nami mdomo wangu haujui kulala, nikawafundisha. Bonyeza kwanza, kazi utamalizia. Ndani ya mwezi luninga nzima ikawa kijani. Meneja alileta keki. Alisema hajawahi kuona ufanisi wa namna hiyo, akanitaja mbele ya watu, na baada ya miezi mitatu nikapewa zawadi ya mfanyakazi bora: picha ukutani, na siku nne za mapumziko yenye malipo, Alhamisi mpaka Jumapili.

Jumatano, siku ya mwisho kabla ya mapumziko, niliwasha simu asubuhi nikaona kitu kwenye jina la Mzee Refa. Kila siku palikuwa na alama ya kijiko, maana yake analishwa. Siku hiyo palikuwa na alama ya sinia. Nikaibonyeza. Ikaandika: *Anajilia mwenyewe. Weka sinia. Rudi baada ya dakika ishirini.*

Kwanza nilicheka. Anajilia! Mtu ambaye hata shati hajifungi! Nikaenda kwa Muuguzi Mkuu nikicheka bado, nikidhani ni suala la kufuta na kuandika upya.

Muuguzi Mkuu ni mtu wa haki, hapayuki, na anavaa miwani mbili, moja machoni moja kichwani. Alinigeuzia kompyuta yake.

"Mfumo umebadilisha wenyewe," akasema. "Siku thelathini mfululizo mzee amemaliza chakula ndani ya dakika kumi na mbili, bila tatizo. Hao wanaokula kwa mikono miwili hawamfikii. Mfumo ukaona hana haja ya kulishwa."

"Mkuu, wewe si unamjua Refa? Rudisha tu kijiko."

"Narudisha sasa hivi. Niambie sababu niandike, bila hiyo mfumo haukubali." Akaweka vidole tayari. "Kumbukumbu zinasema dakika kumi na mbili. Za kwako, za Mpole, za wote. Ni kweli au si kweli?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini niliona picha yangu ukutani, nikaona siku zangu nne, nikaona barua ya kufukuzwa kazi, nikaona na wenzangu wote niliowaingiza kwenye shimo wakinitazama.

"Ngoja nimwangalie leo vizuri," nikasema. "Nitakuletea jibu."

"Usichelewe," akasema. "Taarifa zinakwenda kwa ndugu pia."

Jibu sikumpelekea. Mchana ule nilimlisha mwenyewe kama kawaida, sinia lipo mbele ya macho ya watu, kijiko mkononi mwangu. Jioni nikamvuta Mpole pembeni ya stoo ya mashuka. Nikamwambia siku nne hizi asimwachie Mzee Refa sinia, amlishe, afumbe macho kuhusu hiyo simu.

"Dada, tumekuwa wachache," Mpole akasema. "Si umeona ratiba? Waliposema wanaojilia wameongezeka, mwenzetu mmoja akahamishiwa kule kwenye kufua nguo. Nina wazee kumi na wanne."

"Jitahidi."

"Nitajitahidi," akasema, na mimi nikaichukua hiyo kama ahadi kwa sababu nilitaka kuondoka.

Alhamisi nyumbani nilifua mapazia. Yalikuwa masafi. Ijumaa nilisogeza kabati, nikalirudisha, nikalisogeza tena. Mdogo wangu, ninayeishi naye, aliniangalia kutoka kwenye kochi mpaka akachoka.

"Wewe dada, umepewa likizo au adhabu? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nawaza."

"Waza umekaa."

Nilikaa. Miguu ikatikisika yenyewe. Nilimpigia Mpole simu mara tatu, haikupokelewa. Nikamtumia ujumbe: *Refa anakula?* Saa mbili baadaye akajibu: *Binti yake anakuja kila siku, usijali.* Ujumbe huo ungemtuliza mtu mwingine. Mimi ulinitia wasiwasi, maana binti wa Mzee Refa ana duka la viatu mjini na huja Jumapili tu. Tangu lini anakuja kila siku?

Usiku wa Ijumaa usingizi ulinipiga chenga. Jumamosi nilivumilia mpaka saa tano asubuhi, nikavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Kazini."

"Una wazimu," akasema, akanipa mwavuli.

Nilifika saa ya chakula cha mchana. Kwenye ukumbi wa kulia harufu ya supu imetanda, vijiko vinagonga sahani. Mzee Refa alikuwa kwenye meza ya dirishani, amefungwa kitambaa kifuani, sinia mbele yake. Mbele yake kabisa alikaa binti yake, mikono chini ya kidevu, anamtazama kama mtu anayetazama mtoto akipiga hatua ya kwanza.

"Dada Umeme! Si uko likizo wewe? Njoo, njoo uone!"

Nikasogea. Mzee alikuwa ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto, ngumi nzima. Alikizamisha kwenye viazi vilivyopondwa, akakiinua, kikatetemeka, nusu ikaanguka kifuani, nusu ya nusu ikaanguka mapajani. Kilichofika mdomoni kilikuwa kama kulamba. Shavu la kulia lilikuwa limevimba chakula cha tangu mwanzo ambacho hakijamezwa. Akakohoa, kikohozi kile cha majimaji ninachokijua na ninachokiogopa.

Binti yake akapiga makofi. "Safi, baba! Tena!"

Akanigeukia, macho yanang'aa. "Jumatano nilipopata taarifa nilidhani mmenitumia ya mtu mwingine. Baba anajilia! Nimefunga duka siku tatu hizi nije nimwone kwa macho yangu. Na wameandika tusimsaidie, tukimsaidia mkono utazembea. Inaniuma kumwangalia akihangaika, lakini najikaza."

"Unajikaza," nikasema. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Na tumeshaamua, dada. Nimeongea na kaka. Mwisho wa mwezi baba anarudi nyumbani. Mchana nitakuwa dukani, lakini mtu anayejilia shida yake nini? Namwachia sinia na maji, jioni narudi. Miaka miwili yuko hapa. Nilishakata tamaa, nakwambia ukweli."

Mungu wangu. Nilimwona Mzee Refa peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa, na sinia, na kikohozi hicho. Mawazo yakanipita mbio, na aibu kubwa ni kwamba la kwanza lilikuwa la kujiokoa. Ningeweza kusema mzee amerudi nyuma. Ningeweza kusubiri Jumatatu, nimwambie Muuguzi Mkuu hali imebadilika ghafla, kijiko kirudi, hakuna atakayejua. Wazee si hurudi nyuma kila siku? Ulikuwa uongo mzuri, na ulikuwa tayari.

Nilivuta kiti, nikakaa, nikachukua kijiko kutoka mkononi mwake, nikachota nusu, nikamsogezea. Mzee akafunga mdomo.

"Mzee wangu, ni mimi."

Akaubana zaidi. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama binti yake. Midomo ilikuwa imekauka, na nikaona jinsi mifupa ya kifundo cha mkono ilivyojitokeza, na bado ameubana. Kumbe hakuwa anakataa chakula. Siku tatu alikuwa ameona furaha kwenye uso wa mwanawe, na hakutaka kuwa yeye wa kuiondoa. Alinyoosha mkono wa kushoto, akitaka kijiko chake.

"Dada, tafadhali," binti akasema. "Mwache ajifanyie."

"Baba yako hawezi kujilia," nikasema.

Alicheka kidogo. "Si unaona?"

"Hajawahi kula kwa dakika kumi na mbili. Hata siku moja. Anakula dakika arobaini, na analishwa. Mimi nilikuwa nabonyeza kwamba amemaliza kabla hajamaliza, ili jina langu liwe juu. Halafu nikawafundisha wenzangu. Mfumo umeamini tulichouambia. Hakuna kilichobadilika kwake. Yuko vilevile kama siku mliyomleta."

Hakuelewa mara moja. Niliona maneno yanamfikia moja moja.

"Lakini juzi sahani ilirudi karibu tupu," akasema. "Imeandikwa amekula robo tatu. Ninayo kwenye simu hapa, nikuonyeshe." Alishaanza kuitafuta.

"Mwangalie kifuani. Angalia chini ya kiti."

Akaangalia. Kitambaa kilikuwa kizito kwa viazi. Sakafuni, chini ya magurudumu ya kiti chake, palikuwa pamejaa. Mpole alikuwa amesimama nyuma yetu na taulo la kufutia, na alipoona nimemwona alishusha macho. Binti akaiweka simu mezani, skrini chini, na mkono wake ukabaki juu yake.

"Siku tatu," akasema. Hakupaza sauti. "Siku tatu baba yangu yuko na njaa mbele yangu, mimi nampigia makofi."

Nilisema, "Nisamehe," na neno lilikuwa dogo, na yeye hakulipokea. Alikuwa na haki.

"Nipe hicho kijiko," akasema.

Nikampa. Nikamwonyesha: nusu, si zaidi, kidevu chini, subiri, subiri tena, angalia shavu. Muuguzi Mkuu alikuwa ameingia, nadhani kwa kusikia ukumbi umenyamaza.

"Umeme, wewe uko likizo."

"Mkuu, andika. Uliniuliza Jumatano kama ni kweli. Si kweli. Miezi mitatu yote si kweli, na si kwa Mzee Refa peke yake. Kila uliyemwona amebadilishwa kutoka kijiko kwenda sinia, mrudishe leo. Wenzangu msiwaulize, niliyewafundisha ni mimi."

Akavua miwani ya machoni, akatazama ukumbi. Nikatazama naye. Kulikuwa na masinia mengine sita mbele ya watu sita, na hakuna aliyekaa nao. Bibi mmoja alikuwa amelala, mkono ndani ya supu.

"Unajua hili lazima nilipeleke ofisini," Muuguzi Mkuu akasema.

"Najua."

Akairudisha miwani machoni. Halafu akakunja mikono ya shati, akaenda kwa yule bibi, akamtoa mkono kwenye supu, akavuta kiti. Mpole naye akatupa taulo, akavuta kiti kwa mzee mwingine. Simu zao shingoni zilikuwa zinalia kuwaita kwenye kazi nyingine. Ziliendelea kulia.

Binti alikuwa amemfuta baba yake uso, na kumwondolea kwa kidole chakula kilichojificha shavuni. Akachota nusu kijiko, akakisogeza. Mzee Refa alikuwa bado ameubana mdomo, anamtazama.

"Baba," binti akasema, "hainiumi. Sikiliza, hainiumi. Kula."

Ilikuwa inamuuma, kila mtu aliona, na machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kwenye kola. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akafungua mdomo. Akainamisha kidevu, koromeo likapanda, likashuka, akameza mara ya pili, na kabla binti yake hajachota kingine, alikuwa ameshaufungua tena.